Kusoma kwa Sauti

"Sifuri," alisema mwalimu mkuu, akaigonga karatasi kwa ncha ya kalamu. "Kusoma kwa sauti, sifuri. Imla, sifuri. Mazungumzo, sifuri."

Mwokaji alidhani ni utani. Alicheka kidogo, kisha akagundua kwamba anacheka peke yake.

"Lakini mwalimu, mtoto ni kiziwi."

"Najua, mzazi."

"Tangu ana miaka miwili. Homa iliondoka na masikio yote mawili. Sasa hiyo imla alitakiwa kuisikia kwa kutumia nini?"

"Mimi sikutunga mtaala. Kila kipengele kina alama zake, na mtoto asiyepata alama anaandikiwa sifuri. Ulitaka nimwandikie nini? Pole?"

Mwokaji alikuwa ametoka kazini moja kwa moja. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga, na hata kwenye matundu ya masikio unga ulikuwa umejipatia makazi. Aliegemea meza ili aione ile karatasi vizuri, na mwalimu mkuu akazisogeza faili zake upande wa pili, taratibu, kama mtu anayeondoa nguo kwenye kamba akiona wingu.

"Na hesabu?" aliuliza mwokaji.

"Hesabu ni wa nne darasani. Hilo silikatai. Lakini hesabu peke yake haimvushi mtoto kwenda darasa la nne." Mwalimu mkuu alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shule iliyojaa hadi madirishani, vyoo vilivyoziba, na ukaguzi wa mwaka uliopita ulimwachia karipio lililokuwa bado likimwasha. "Jumatatu anakuja afisa wa elimu maalumu. Atampima. Akiona mtoto hawezi kufuata masomo hapa, atampeleka shule ya bweni ya viziwi."

"Ile ya kusafiri kutwa nzima kwa basi?"

"Ndiyo iliyopo. Na jambo jingine, mzazi. Darasa lake zima limeharibika. Kutwa wanapunga mikono kama wanafukuza nzi. Nikiingia wanaacha, nikitoka wanaanza. Sijui nani amewaanzishia mchezo huo."

Mwokaji aliaga. Kabla hajaufikia mlango alisikia kitambaa kikifuta mgongo wa kiti alichokuwa amekikalia. Hakugeuka.

Nje, watoto watatu wa darasa la tatu walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa veranda. Walipomwona, mmoja alipitisha kidole juu ya nyusi zake, mara mbili, kama anayepangusa vumbi. Wenzake wakafanya vivyo hivyo, wote wakitabasamu. Mwokaji alihisi uso ukimchoma. Alijifuta kwa mkono wa shati, akajifuta tena, akatoka getini karibu akimbie.

*

Binti yao walimwita Hamira tangu akiwa tumboni, kwa sababu alikuwa akiumuka huku na huku na kumnyima mama yake usingizi. Alipozaliwa alipewa jina la maana kabisa, lakini halikumshika. Sasa alikuwa na miaka tisa, na bado hakujua kukaa kitako.

Hapo nyumbani walikuwa na lugha yao. Hakuna aliyekaa chini kuitunga. Ilijijenga yenyewe kutoka kwenye kazi zao, kidogo kidogo, kama makombo yanavyojaa mfukoni. Kupangusa nyusi ni baba, kwa ajili ya unga. Kusukuma ngumi juu ya kiganja ni mama, kwa sababu mama alikuwa mpiga pasi wa mtaa mzima. Kuvuta ngozi ya shavu ni bibi. Ngumi inayofunguka polepole, kama donge la unga linaloumuka, ni Hamira mwenyewe. Na kufunika ngumi kwa kiganja cha pili, kama unavyolifunika donge kwa kitambaa ili litulie, ni subiri. Baadaye. Nitakuambia.

Hiyo ya mwisho Hamira aliiona kuliko zote.

"Bweni?" Mama Hamira alisema, akaiweka pasi ya mkaa juu ya kigae. "Mtoto wa miaka tisa?"

"Si mimi niliyesema."

"Wewe ulisema nini?"

"Nilisema asante mwalimu, nikatoka."

"Asante!" Alilichukua shati jingine, akalitandaza mezani kwa kishindo. Lilikuwa shati la mwalimu mkuu. Kila wiki alimpigia matano. "Unaiona kola hii? Nikiisahau pasi hapa kidogo tu, Jumatatu atavaa fulana mbele ya huyo afisa wake."

"Usichome shati la watu," alisema bibi kutoka kwenye kigoda chake. "Na wewe mwanangu, hebu kaa, unanizungusha kichwa. Mimi nasema hivi: huko bweni atakuta wenzake. Kuna walimu wa lugha ya alama ile yenyewe. Sisi hapa tutamfundisha nini zaidi ya mkate na pasi?"

Jambo hilo kila mmoja alikuwa amelifikiria kivyake na kulificha.

"Ningelijua anaitaka shule hiyo, ningempeleka mwenyewe," Mama Hamira alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Akiwa mkubwa kidogo, akitaka. Si kwa kufukuzwa. Si kwa kuwa amepewa sifuri ya kitu ambacho Mungu mwenyewe hakumpa. Hapa ana marafiki, mama. Kila siku anarudi amechafuka kama wenzake."

Hamira alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wa shule mgongoni. Alitazama mdomo wa mama, mdomo wa baba, mdomo wa bibi. Alimwona mama yake akijipangusa jicho kwa kiwiko. Akapiga mguu sakafuni, kama alivyofanya kila alipotaka wamtazame, akanyanyua mabega: kuna nini?

Baba yake alifunika ngumi kwa kiganja. Baadaye.

Akamgeukia mama. Mama naye akafunika. Bibi akajifanya anatafuta uzi.

Hamira aliutupa mkoba chini, akatoka nje, akaipiga ndoo tupu teke ambalo jirani wa tatu alilisikia na yeye hakulisikia.

*

Kule kwenye kiwanda cha mikate kulikuwa na mtu aliyeitwa Redio. Kazi yake ilikuwa kupanga madonge kwenye trei, lakini mdomo wake ndio uliofanya kazi ya ziada.

"Tatizo lenu, kaka, ni hizo alama zenu," alisema Ijumaa, akipaka mafuta trei. "Afisa anakuja na lugha ya alama ya serikali. Ile ya kwenye taarifa ya habari, yule dada wa pembeni mwa kioo. Umeona vidole vyake? Sasa mwanao atamfanyia nini? Atamsukumia pasi? Atampangusia nyusi?"

"Zinatutosha."

"Zinawatosha jikoni! Mbele ya afisa ni aibu. Ataandika: huyu mtoto amekuzwa kwenye gunia la unga."

Wenzake walicheka. Mwokaji naye alicheka, kwa sababu usipocheka na Redio anaendelea hadi jioni. Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Aliona tena kile kitambaa kikifuta kiti. Aliona wale watoto watatu kwenye veranda. Kumbe hata watoto wanajua, alijiambia. Kumbe sisi ni kichekesho cha shule nzima.

"Utanisaidiaje?" aliuliza.

Redio alifuta mikono kwenye aproni, akatoa simu. "Video zimejaa humu. Lugha ya alama, herufi zote, namba, salamu. Mtoto ana akili. Jumamosi, Jumapili, anameza zote. Jumatatu anamwaga."

Basi Jumamosi yote na Jumapili yote mwokaji alikaa na binti yake nyuma ya nyumba, ile simu ya kuazima ikiwa imeegemezwa kwenye jiwe. Mama Hamira alikuwa na nguo za harusi ya mtu, hakuwa na nafasi ya kuchungulia. Kwenye video, mwanamume mzungu mwenye fulana nyeusi alikunja vidole na kuvikunjua, na Hamira akamwiga. Alikuwa mwepesi. Lakini hakuelewa ni za nini. Kila mara aliuliza kwa mabega, na kila mara baba yake alimrudishia: tena, tena.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kutoka, mwokaji alipiga magoti mbele yake. Alimfanyia alama ya pasi, akatikisa kichwa: hapana. Alipangusa nyusi, akatikisa kichwa. Alifanya ile ya shavu, ile ya mkate, ile ya jirani, na kila moja akaikata kwa kiganja. Hizi zetu, leo, hapana. Kisha akaichukua mikono ya mtoto, akaiweka chini ya kwapa zake, na kuibana hapo taratibu kwa viganja vyake vizito. Hivi. Ukiwa hujui, kaa hivi.

Hamira alimtazama. Mikono yake haikuwa imewahi kufungiwa mahali na mtu aliyempenda.

*

Afisa aliyefika mchana huo alikuwa mama wa makamo mwenye mkoba mzito na viatu vilivyokwisha upande mmoja. Alikuwa ametoka shule mbili kabla ya hii, na gari la idara lilikuwa limemshusha na kuondoka. Aliomba aingie mzazi mmoja tu ili mtoto asichanganyikiwe. Mama Hamira akabaki kwenye benchi la nje.

Ndani, afisa alimwinamia mtoto, akamsalimia kwa mikono. Ilikuwa mikono mizuri, yenye haraka na upole. Hamira aliitazama kama mtu anayetazama maji yakipita. Kisha akamtazama baba yake. Baba akampa ishara ya kidevu: anza.

Hamira alikunja vidole vyake, akamwaga yote aliyomeza. Herufi, namba, salamu.

Afisa alikunja uso. "Hizi kajifunza wapi?"

"Nyumbani," alisema mwokaji kwa fahari kidogo.

"Mbona ni alama za nchi nyingine kabisa? Si zetu hizi, baba. Mimi mwenyewe nazielewa nusu tu." Alimgeukia mtoto tena, akajaribu polepole zaidi. Jina lako nani? Hii ni nini? Akachora kuku, akaelekeza kidole.

Vidole vya Hamira vilinyanyuka. Alikuwa na alama ya kuku, nzuri sana, aliyoibuni mwenyewe kwa kumtazama kuku wa bibi aliyenyonyoka shingo. Mkono ulifika nusu ya njia, ukasimama. Akaibana mikono yote miwili kwapani, akakaa hivyo.

Afisa alichora mkate. Akachora nyumba. Mtoto hakutikisika.

"Mnaongea naye vipi nyumbani?" aliuliza afisa. "Mna alama zenu za kifamilia? Familia nyingi huwa nazo."

Mwalimu mkuu alikuwa amekaa pale pembeni, shati lake limenyooka kama karatasi. Mwokaji aliliona, akawaza mkono ulioinyoosha ile kola. Aliwaza gunia la unga.

"Hatuna," alisema. "Tunamwonyesha tu kwa kidole."

Afisa aliandika. Hakuandika kwa furaha. "Miaka tisa bila lugha," alisema, kama anayejisemea. "Huyu amechelewa sana, mwalimu. Hata kubaki hapa muhula mmoja zaidi ni kumpotezea muda. Aende bweni mwezi huu huu."

*

"Bila lugha?" Mama Hamira alirudia. Walikuwa wamefika kwenye kona ya duka la vifaa vya ujenzi, na mwenye duka aliacha kupima misumari ili asikie vizuri. "Mtoto huyu? Huyu anayenisuta kila nikiunguza maharage? Huyu aliyenieleza sinema nzima aliyoitazama dirishani kwa watu?"

"Hakumjibu."

"Kwa nini hakumjibu?"

Mwokaji alitazama viatu vyake.

"Baba Hamira. Kwa nini hakumjibu?"

Ikabidi aseme. Simu, video, mzungu wa fulana nyeusi, mikono kwapani. Aliposema "nikamwambia hatuna," sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtu anayeumwa.

Mkewe hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha. Alimshika Hamira bega, akamsogeza karibu na sketi yake.

"Mimi ninapiga pasi nguo za watu ambao hata salamu hawanijibu," alisema. "Sijaona haya. Wewe umeona haya kwa mtoto wako anavyokuita baba."

"Nilitaka asichekwe."

"Umemcheka wewe."

Hamira alikuwa akiwatazama wote wawili, macho yakienda na kurudi. Alipiga mguu chini. Kuna nini? Baba yake alianza kunyanyua kiganja ili kuifunika ngumi, kwa mazoea tu. Kabla hajafika, aliona kwamba mtoto ameshaacha kuuliza. Alikuwa ameingiza mikono kwapani na kuangalia upande wa misumari.

Mwokaji aligeuka. "Gari la afisa lilikuwa halijafika," alisema. "Njooni."

Walirudi karibu wakikimbia, yeye mbele, aproni aliyosahau kuivua alipotoka kiwandani ikimpiga magotini.

*

"Tumeshamaliza, mzazi," alisema mwalimu mkuu mlangoni.

"Nilisema uongo."

"Nini?"

"Pale ndani. Nilisema uongo." Alimtazama afisa juu ya bega la mwalimu mkuu. "Mama, ana lugha. Tunayo. Ya mikate na pasi, si ya kwenye taarifa ya habari, ndiyo maana nikamkataza. Nilimwambia aifiche mikono. Kosa si lake. Mpime tena."

Afisa aliuweka mkoba wake chini. Alikuwa amechoka, na karatasi ilikuwa imeshasainiwa. Lakini katika miaka yake yote ya kazi alikuwa ameona wazazi wakisema uongo ili watoto waonekane bora. Hakuwa ameona wengi waliorudi mbio kujishtaki.

"Nimpime kwa lugha nisiyoijua?" aliuliza. "Wewe utatafsiri? Nitajuaje kwamba hunijazii maneno?"

Hapo ndipo mwalimu wa darasa la tatu alipojitokeza kwenye ukumbi. Wanafunzi walimwita Mwalimu Mpya, ingawa alikuwa na mwaka wa pili pale. Alikuwa amesimama karibu na dirisha tangu mtoto aanze kupimwa, akitafuta ujasiri, chaki ikivunjikavunjika mfukoni mwake. Muhula uliopita aliitwa ofisini na kuandikiwa barua ya onyo kwa kuruka azimio la kazi na kufundisha hesabu za sehemu kwa kugawana viazi, na tangu siku hiyo alijifunza kunyamaza.

"Asitafsiri mzazi," alisema. "Liangaliwe darasa. Sasa hivi ni kipindi cha kusoma kwa sauti. Twende mkaone."

"Mwalimu," alisema mwalimu mkuu, "mtoto huyu hana sauti."

"Mtaala unasema mwanafunzi asimame mbele, asome, na wenzake waelewe alichosoma. Nimeusoma mara nyingi sana, mwalimu mkuu. Sijaona palipoandikwa kwamba koo liwe la kwake."

"Hiyo ni kuucheza mtaala."

"Basi niandikie barua nyingine," alisema Mwalimu Mpya. "Lakini niandikie baada ya kipindi."

*

Darasa lilikuwa na harufu ya vumbi na ya viatu vya mvua. Wageni walisimama nyuma. Watoto walipomwona mwokaji, wawili watatu walipangusa nyusi zao, na mara hii kidole kilienea dawati hadi dawati, hadi darasa zima likawa linapangusa nyusi.

Mwokaji alianza kuunyanyua mkono wa shati ajifute. Ukaishia kifuani. Aliona kwamba hawamtazami yeye. Wanamtazama Hamira, wanamwambia: baba yako amekuja.

Hamira alipewa kitabu. Kilikuwa kisa cha mbuzi wa jirani aliyeingia jikoni kwa watu. Alikiweka juu ya dawati la mbele, akamtazama Mwalimu Mpya. Mwalimu alinyanyua mikono yake miwili, akaikunjua wazi. Huru. Mtoto akageuza shingo, akamtafuta baba yake nyuma ya vichwa vyote vile. Mwokaji hakujua afanye nini. Akasukuma ngumi juu ya kiganja, mama. Akavuta shavu, bibi. Akaifungua ngumi polepole mbele ya kila mtu, mbele ya mwalimu mkuu na shati lake.

Hamira akaanza.

Alivuta ndevu zisizokuwepo, akaweka pembe kichwani. "Mbuzi!" darasa likapaza sauti. Aligonga hewa kama anayegonga ukuta. "Jirani! Mbuzi wa jirani!" Vidole viwili vikanyata juu ya mkono. "Aliingia!" "Si aliingia, alinyemelea, mtazame vizuri!" "Alinyemelea jikoni!" Akafagia, kisha akatafuna alichofagilia. "Akala ufagio!" Watoto walicheka, na yeye akawasubiri wamalize, kitabu kwa kidole, asipotee mstari.

"Kelele," alinong'ona mwalimu mkuu, kwa mazoea tu.

Afisa alikuwa amekishika kitabu cha mtoto wa dawati la nyuma na kufuatisha. Mstari kwa mstari, darasa lilikuwa likisema yaliyoandikwa. Mahali fulani Hamira aliruka neno, na msichana mmoja mwenye meno ya mbele yaliyong'oka akasimama na kumsahihisha kwa mikono, na Hamira akampa ishara ambayo kila mtu, hata mwalimu mkuu, aliielewa kuwa ni "najua, acha haraka."

Kisha wakafika mwisho wa ukurasa. *Mwenye mbuzi alipouona ufagio, aliona aibu.*

Hamira alikwama. Neno lile hawakuwa nalo. Nyumbani halikuwahi kuhitajika. Alilitazama kwenye kitabu, midomo ikijaribu herufi zake bila sauti. Watoto wakangoja.

Polepole aliinyanyua mikono yake, akaingiza mmoja kwapa la kulia na mwingine la kushoto, akaibana. Akainamisha kichwa.

"Baridi!" alipiga kelele mmoja.

Alitikisa kichwa.

"Amefungwa?" "Anaumwa?" "Amekataa?"

Alitikisa kichwa kila mara, mikono ikiwa palepale. Darasa likaishiwa. Wakageukiana, wakageukia mwalimu, na mwalimu naye hakujua. Hata afisa, aliyekuwa na neno lile mbele ya macho yake, hakulisema, kwa sababu alikumbuka mikono ile ile kule ofisini na akamtazama mtu mwenye aproni.

"Aibu," alisema mwokaji.

Sauti yake ilikwaruza. Watoto wote waligeuka.

"Ni aibu," alisema tena. "Aliona aibu."

Hamira alimwona mdomo, akamwona uso. Akatikisa kichwa juu chini: ndiyo. Kisha akaitoa mikono kwapani, akageuza ukurasa.

*

Hakuna aliyepiga makofi ofisini. Mwalimu mkuu alikaa, akavua miwani, akaivaa. "Sasa kwenye sehemu ya alama naandika nini?" aliuliza, na safari hii alikuwa akiuliza kweli.

"Acha wazi," alisema afisa. "Nami naichana hii yangu. Lakini nisikilizeni, sijamaliza." Alimtazama mwokaji na mkewe kwa zamu. "Lugha yenu ni nzuri. Ni ndogo. Imefika mwisho leo kwenye neno moja, kesho itafika mwisho kwenye sayansi. Anahitaji ile kubwa ya viziwi wenzake, na atahitaji kukutana nao. Nitamtuma mwalimu kiziwi kila Alhamisi, kwa muhula mmoja. Atakaa na darasa zima. Nanyi mtakuja."

"Alhamisi nina zamu," alisema mwokaji.

"Utabadilishana na mtu."

Alimwaza Redio. Ingembidi asikilize mengi. "Nitabadilishana."

"Mwisho wa muhula nitarudi. Siahidi kitu. Mtaala bado ni ule ule."

"Kipindi cha imla ni kesho," alisema Mwalimu Mpya kutoka mlangoni. Mwalimu mkuu alizifunga faili zake. "Nitakuja kuona," alisema. Haikuwa wazi kama ni tishio. Huenda yeye mwenyewe hakujua.

Nje jua lilikuwa limeegemea madirisha, na barabara imejaa watu wanaotoka kazini, mikokoteni, baiskeli, wachuuzi wanaofunga. Mama Hamira alitangulia. Alikuwa na nguo za watu na mkaa uliozimika. Alikuwa bado hajamsemesha mumewe, ila alipopita karibu naye alimpangusa unga kwenye nyusi kwa kidole gumba, kwa nguvu kidogo, kama anayeondoa doa.

Mwokaji alibaki na binti yake. Walitembea hadi kwenye ile kona ya misumari. Hamira alimvuta aproni, wakasimama. Alinyanyua mabega: kuna nini? Wamesema nini? Halafu, kabla baba hajajibu, alimsaidia. Alikunja ngumi yake mwenyewe na kuifunika kwa kiganja. Baadaye, eti? Hakuwa na hasira. Alikuwa anarahisisha tu.

Mwokaji alitazama barabara. Mtu wa mkokoteni alikuwa nyuma yao akipiga mluzi wapishe.

Alipiga magoti palepale. Alishika kile kiganja kidogo, akakinyanyua kutoka juu ya ngumi, akakiweka pembeni. Kisha akaanza tangu Alhamisi: meza ya mwalimu mkuu, sifuri, kitambaa kilichofuta kiti. Bibi alisema hivi, mama alisema vile. Basi la kutwa nzima. Mahali alipokosa alama aliibuni, na Hamira akaikataa au akaikubali, na wakaendelea. Alipofika kwenye asubuhi ile, aliingiza mikono yake mwenyewe kwapani, akaibana, akajielekeza kwa kidevu: mimi.

"Wewe bwana, pisha njia!" alifoka mtu wa mkokoteni.

"Zunguka," alisema mwokaji bila kugeuka. "Tunaongea."